Silimarini ya famasi na chupa ya wifi: nilivyokula vyote viwili kwa ajili ya ini, haya ndo yaliyonikuta

Naandika hii kwa sababu watu kama watano hivi wameshaniuliza, mwalimu ulikula nini hadi ini likakaa sawa, na kila nikimjibu mtu inabidi nianze moja, nafika nusu kengele inalia, naacha. Leo Jumamosi, nimemaliza kusahihisha, nakaa naandika mara moja anayetaka asome. Ni rivyu ya vitu viwili nilivyomeza mwenyewe kwa hela yangu (ya chupa sio yangu yote, tutafika): kimoja ni kapsuli za silimarini za famasi (dawa ya ini inayotoka kwenye mmea), kingine ni chupa ya dawa ya "kusafisha ini" niliyouziwa na wifi yangu. Kampuni ya chupa siitaji, wifi ndo kabisaa, bado tunakutana kwenye misiba na harusi.

Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, miaka 47, pombe sijawahi hata kuonja. Nasema mapema kwa sababu ukitaja ini tu mtu anakuangalia jicho la pombe. Mwaka jana mwezi wa pili nikaanza kuhisi uzito chini ya mbavu za kulia, sio maumivu, ni kama vile umelalia kitu. Nikaenda kupiga ultrasaundi, yule kijana anazungusha kile kidude na ile jeli ya baridi tumboni, ananyamaza, anazungusha tena, mwisho akaniuliza "mama, unakunywa sana soda?" Nikacheka. Nakunywa sana soda. Ripoti ikasema mafuta kwenye ini, gredi ya pili. Damu, ALT (kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia) 88, na kwenye cheti kikomo chao kimeandikwa 40. Hepatitisi B hasi, C hasi. Mizani ikaleta kilo 91, nikaona mizani ni mbovu.

Daktari hakuwa na maneno mengi. "Mwalimu, dawa yako ni kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya huu uzito, kwako wewe ni kama kilo 6 na nusu mpaka 9, pole pole, na soda uache leo." Basi. Jamani nimekaa foleni tangu saa moja asubuhi, nimetolewa damu, halafu narudi nyumbani bila hata kibahasha kimoja cha dawa? Mtu ukitoka hospitali unataka uwe umeshika kitu, hata panadoli. Nikaondoka nimenuna, na hapo hapo ndo wifi akapata upenyo.

Wifi yangu ni mtu wa watu, roho yake nzuri sana, ila hawezi kukaa bila biashara. Ilikuwa mashuka, zikaja sabuni za kung'arisha, sasa hivi virutubisho. Mume wangu kamgusia tu kwenye simu kwamba nina mafuta kwenye ini, kesho yake saa kumi na mbili asubuhi vois inaingia, dakika nne na nusu, "wifi usihangaike na mahospitali, hii ni mimea tupu, haina kemikali, inasafisha ini, figo, damu, inatoa mafuta, presha inashuka, sukari inashuka, na kaka naye akinywa utakuja kuniambia mwenyewe". Bei elfu 45, kwa vile ni mimi akanifanyia 35, mume katoa 20 mi nikatoa 15. Ungenikatalia wewe? Wifi humkatalii, ukimkatalia leo kesho ukoo mzima unajua unaringa.

Sasa chupa yenyewe. Plastiki ya nusu lita, kifuniko cha kijani, ndani maji meusi kama kahawa iliyolala, ukitikisa inatoa povu, harufu yake ni udongo wa mvua ya kwanza uchanganye na siki. Lebo ina mchoro wa ini linatabasamu, naapa, ini lina meno. Imeandikwa "mimea 21 ya asili". Mimea gani? Haijatajwa hata mmoja. Namba ya toleo hakuna, iliyotengenezwa lini hakuna, mwisho wa matumizi umeandikwa kwa peni. Na mimi nafundisha baiolojia! Mwanafunzi akiniletea ripoti ya maabara haina majina ya alivyotumia nampa sifuri bila kupepesa, halafu mwenyewe nikafungua nikanywa, vijiko vitatu asubuhi vitatu usiku.

Siku tatu za kwanza nilikuwa mtu wa chooni, mara nne mara tano kwa siku. Nikampigia wifi, akafurahi, "hiyo sumu inatoka". Siku ya kumi na moja ukaanza muwasho wa viganja na nyayo, ule wa kuamka usiku unasugua miguu kwenye kitanda. Ya kumi na tatu mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hapo ndo akili ilinirudia, maana mkojo wa hivyo mi nauchora ubaoni kila mwaka, bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, ikishindwa kupita njia yake inatokea kwenye mkojo. Nikarudi hospitali, ALT 231. Daktari hakuniuliza umekula nini, aliniuliza "umeanza kunywa nini?" Nikaitoa chupa kwenye pochi. Akaigeuza geuza, akalitazama lile ini lenye meno, akasema "humu kuna nini mimi sijui, wewe hujui, na aliyekuuzia naye hajui". Nikaacha siku ile ile. Muwasho ulikaa kama wiki moja na nusu hivi, baada ya wiki tano ALT ikarudi 97. Siwezi kuapa kwamba ni chupa, kwenye faili ameandika "mitishamba" akaweka alama ya kuuliza, na mimi nimebaki na hiyo hiyo alama yake.

Hapa nitoke pembeni kidogo kwa sababu lile neno la "haina kemikali" linaniuma kitaaluma. Mmea wote ni kemikali, sukari ni kemikali, maji ni kemikali. Na ini halijui hii imetoka shambani hii imetoka kiwandani, lenyewe linapokea linachambua. Miraa ni jani bichi kabisa la shambani na madaktari wa Uingereza wameshaandika habari za wanaume wa Kisomali waliotafuna sana mpaka maini yakafeli. Sumukuvu ya kwenye mahindi nayo ni asili, ni ukuvu tu umeota, mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara iliua watu karibu 20, na ukiila kidogo kidogo miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ini. Sisemi mitishamba yote mibaya. Bibi yangu katulea na mwarobaini na mlonge, na 2011 hata sisi tulishapiga hesabu ya kwenda Samunge Loliondo kwa yule Babu wa dawa ya mizizi, kikombe shilingi 500 tu, kilichotushinda ni nauli. Tena tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na ina Baraza lake, waganga wanasajiliwa. Chupa ya ini lenye meno haikuwa na namba ya usajili ya mtu yeyote.

Haya, silimarini.

Mtoto wa dada yangu anasoma famasia pale Muhimbili. Nilipomsimulia akacheka kwanza, halafu akasema "mama mdogo, kama ni lazima umeze kitu basi meza kinachojulikana". Ndo akanitajia silimarini. Inatoka kwenye mbegu za mmea mmoja wa miiba, ukiuona utadhani mbigili limekua sana, ua lake zambarau na majani yana michirizi myeupe kama mtu kamwagia maziwa, asili yake ni nchi za pembezoni mwa Bahari ya Kati. Sio kitu kimoja, ni mchanganyiko wa viini kadhaa vinavyofanana, kikubwa kinaitwa silibini. Wajerumani waliutengenezea dawa miaka mingi iliyopita, inaitwa Legalon, na dozi iliyozoeleka mpaka leo ni miligramu 140 mara tatu, yani 420 kwa siku.

Nikaingia Ngamiani kutafuta. Famasi ya kwanza hawana, wanaleta kwa oda. Ya pili wanayo, ya Kihindi, kapsuli 30 elfu 24. Na hapa niseme yule binti wa dukani nimempenda, nampa nyota zote. Kabla hajapokea hela akauliza, mama unatumia dawa za sukari? (silimarini inaweza kushusha sukari kidogo, ukiwa na dawa nyingine unaweza kushuka sana). Dawa nyingine yoyote? Una mzio na maua ya jamii ya alizeti? Eti huu mmea ni ukoo mmoja na alizeti. Wifi hajaniuliza hata moja. Boksi lina namba ya toleo, kiwanda, tarehe zote, kila kapsuli imeandikwa ina miligramu ngapi za nini.

Nikafika nyumbani nikafanya ualimu wangu. Kapsuli moja nikaifungua. Unga rangi ya manjano ya kufifia inaelekea kahawia, harufu kidogo ya majani makavu, ladha uchungu mwepesi. Nikaumwaga kwenye glasi ya maji nikakoroga. Haukuyeyuka. Ukaelea, ukashuka taratibu, asubuhi nikaukuta umekaa chini kama mchanga na maji juu yake meupe tu. Nikampigia mpwa wangu akaniambia ndo tatizo la hii dawa siku zote, maji haiyapendi, hivyo hata tumboni kinachofika kwenye damu ni kidogo, ndo maana kuna kampuni zinaichanganya na mafuta ya soya fulani ili ipenye. Sasa jiulize wale wanaouza "chai ya ini" ya mbegu zake, unachemsha unachuja unakunywa yale maji. Sehemu kubwa ya kilichokuwa cha maana imebaki kwenye kichujio.

Nimekula miezi mitatu, tatu kwa siku baada ya chakula. Madhara, wiki ya kwanza tumbo lililegea kidogo, baadae likatulia, zaidi ya hapo sikuona kitu. Ya mchana nilikuwa naisahau sana, uko darasani kidato cha pili wanapiga kelele nani atakumbuka kapsuli. Na wakati huo huo, na hii ndo sehemu ambayo watu hawapendi kuisikia, niliacha soda, chapati za asubuhi nikazifanya za Jumapili tu, na jioni natembea kuelekea Raskazoni na kurudi, kama dakika 45, siku tano kwa wiki. Mwanzoni natembea nimevaa ushungi mpana nisijulikane, naona aibu, watu wakiniuliza nasema naenda kumuona mgonjwa. Wiki ya tatu muuza madafu akaniuliza "mwalimu huyo mgonjwa wako hapati nafuu?"

Miezi mitatu ikaisha, ALT 61, kilo 86. Nikashangilia, nikatuma picha ya cheti kwenye grupu la familia, na wifi yumo (makosa). Daktari akaangalia akasema vizuri, sasa ipi imefanya kazi? Nikasema silimarini. Akasema "unajuaje?" Na mimi ndo nawafundisha watoto kwamba ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja huna jaribio, una hadithi. Kwa hiyo nikaacha silimarini, matembezi nikaendelea nayo. Miezi mitatu mingine, ALT 43, kilo 83. Ultrasaundi gredi ya kwanza. Yaani namba iliendelea kushuka bila kapsuli hata moja. Haimaanishi silimarini haikufanya chochote, mtu mmoja sio utafiti, ila elfu 72 ya kila mwezi kwa mshahara wangu inataka ushahidi mzito zaidi ya huo.

Na utafiti wenyewe mpwa wangu kanisomea, kanipigia vidio kanionyesha kwenye laptopu yake. Marekani walichukua wagonjwa 154 wa hepatitisi C ambao dawa za zamani ziliwashinda, wengine wakapewa silimarini miligramu 420, wengine 700, mara tatu kwa siku, hiyo ni mara tatu hadi tano ya niliyokuwa nakula mimi, na wengine wakapewa kidonge cha uongo kisicho na kitu. Wiki 24. Majibu yakatoka 2012, ALT haikutofautiana ya maana kati ya waliokula dawa na waliokula kidonge tupu. Kwa wenye mafuta kwenye ini kama mimi, kuna utafiti wa Malaysia wa 2017, watu 99, wiki 48, 700 mara tatu. Lengo kuu walilojiwekea hawakulifikia, ila walipoangalia vipande vya ini kwenye hadubini waliona makovu yamepungua zaidi kwa waliokula silimarini. Kwa hiyo mlango haujafungwa, umerudishiwa. Na kuna sehemu moja inaheshimika kabisa: Ulaya mtu akila ule uyoga wa sumu unaoua ini, wanamchoma silibini kwenye mshipa, inazuia sumu isiingie kwenye seli za ini. Hapo ni sindano, dripu, hospitali, mtu anakufa. Usichukue sifa za sindano ukaziweka kwenye kapsuli ya elfu 24, ambacho ndicho wauzaji wengi wanachofanya.

Manjano nayo naulizwa sana, maana wifi alihamia huko baada ya chupa. Manjano ya jikoni ipo kwenye pilau la dunia nzima haina shida na mtu. Kiini chake kurkumini nacho kinapenya kwa shida, kwa hiyo wajanja wakachanganya na piperini, kile cha kwenye pilipili manga, hizi hizi za Muheza, na utafiti wa 1998 ulionyesha inaongeza upenyaji kwa asilimia 2000. Vizuri, umeipenyeza. Sasa ini linapokea mzigo ambao bibi yako hakuwahi kuupokea kwenye mchuzi hata siku moja. Italia 2019 wakaanza kupata watu wanaugua ini kwa vidonge vya manjano, na Marekani nao 2022 wakaandika wagonjwa wao, wengi wana aina fulani ya jeni inayofanya mwili uchukie. Yani dawa ya ini inayoharibu ini. Mi manjano naipika, siimezi.

Urukususu je, ule mti mtamu wa maduka ya Waarabu. Kiini chake glisirizini Wajapani wanakitumia kwa sindano kwa wagonjwa wa ini miaka na miaka. Ila ukila sana presha inapanda na potasiamu inashuka, na mi kwetu presha ni ya ukoo, nikaruka.

Sasa niseme ya shemeji, na hii siichekeshi. Mdogo wake mume wangu ana hepatitisi B, aliijua alipokwenda kuchangia damu. Anatumia tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, na alikuwa vizuri kabisa, anaendesha bodaboda zake, anakula, analala. Baada ya mi kutuma kile cheti changu cha ALT 61 kwenye grupu la familia, nyie, nilijiponza. Mimi nimeandika tu "namshukuru Mungu", wifi akajazia kuwa ni dawa za asili hizo, na chupa zipo. Shemeji akaona kwa nini ameze kidonge cha hospitali maisha yote wakati kuna chupa ya mwezi. Akaacha tenofoviri bila kumwambia mtu, akanywa chupa mbili. Tenofoviri haiui kirusi chote, inakikalia tu shingoni, ukiitoa ghafla kinaweza kuamka na hasira zake zote. Mwezi wa tatu tangu aache kidonge mkewe akanipigia saa nne usiku, "dada, macho ya huyu yamekuwa njano". Nilipofika nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anajikuna mikono, macho rangi ya embe dodo. Akaniambia taratibu, "shemeji, si wewe ulipona nayo?"

Alilazwa siku kumi na sita. Alitoka, namshukuru Mungu kweli safari hii, amerudi kwenye kidonge chake na hakiachi. Ila lile swali lake nimeishi nalo.

Na kwa hepatitisi B kuna hadithi ya mmea ambayo ilikuwa nzuri sana mpaka ikaisha. Kuna kigugu kidogo kinaota hata hapa kwetu pembeni ya karo, majani kama ya ukwaju na vijitunda vimejipanga kwa chini, wataalamu wanakiita Phyllanthus amarus. Mwaka 1988 watafiti wa Madras, India, walitangaza kwamba kati ya watu 37 waliokunywa unga wake siku 30, 22 alama ya kirusi ilipotea kwenye damu, na kati ya 23 waliopewa unga mtupu ilipotea kwa mmoja tu. Dunia ikasimama. Wenzao nchi nyingine wakarudia, haikutokea tena. Wauzaji wamebaki na ile ya 1988, za baadae hawazitaji. Hepatitisi C yenyewe siku hizi ina vidonge vya hospitali vya miezi mitatu na zaidi ya tisini na tano kati ya mia wanapona kabisa, sasa hapo unatafuta mzizi wa nini?

Kitu kimoja cha mmea ambacho nimekibakiza na sikihesabu gharama ni kahawa. Tafiti nyingi za kufuatilia watu zimeona wanywaji kahawa hawapati sana ini kusinyaa na saratani ya ini kama wasiokunywa. Nilipomsomea mume wangu hivyo akanyanyuka akapeana mkono na ukuta, yeye na wenzake wa barazani wanaitana madaktari sasa. Mi barazani sikai, namtuma mwanangu jioni na chupa ya chai kwa muuza kahawa, anajaza za buku, chungu ile ya birika la shaba na tangawizi kwa mbali. Kashata hapana. Kashata ndo ilikuwa ngumu kuliko soda, kusema ukweli.

Nyota basi, maana ni rivyu. Silimarini ya famasi naipa tatu kati ya tano: ni salama kwa mtu kama mimi, imeandikwa inachobeba, haikunidhuru, ila bei ni kubwa kwa kinachojulikana kuhusu faida yake, jumla nilimaliza 216,000, na nje ya hizo hela nilinunua raba moja tu ya kutembelea na ndo ninayoona imefanya kazi. Ningekuwa na hela za kumwaga labda ningeendelea, daktari hakunikataza, alisema tu isiwe badala ya kutembea. Famasi ile na yule binti tano. Chupa ya wifi haina nyota, na kama kuna namna ya kutoa nyota ilizopewa na wengine mnielekeze. Kahawa tano. Kama una hepatitisi B au C, rivyu hii yote ya silimarini haikuhusu, we meza ulichoandikiwa.

Boksi la mwisho halikuisha kwa sababu ya zile za mchana nilizokuwa nasahau, zimebaki kapsuli 14 kwenye droo ya pini na vifungo. Juzi wifi kanitumia ujumbe, kasikia hizi za famasi zina soko, anauliza nilizipata duka gani na kama bei ya jumla ipo. Nikampigia picha boksi, sio mbele penye ua zuri, nyuma, penye maandishi madogo yote. Tiki mbili za bluu. Mpaka sasa naandika hajajibu.